Nyongeza Aliyoipata Saada

Pale Soko Kuu la Songea wanamtania Saada Majaliwa kwamba akienda kununua chumvi, mwenye duka humpa na kiberiti cha bure ili aondoke. Utani huo hauko mbali na ukweli. Saada hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, wala ya pili. Ataishika bidhaa, ataigeuza, ataiweka chini kama iliyomuunguza, atauliza habari za watoto, kisha atarudi kuishika. Bei ikishashuka mpaka muuzaji ameshika kiuno, mtu mwingine angelipa akaenda zake. Yeye hapo ndipo huanza. "Haya," husema, pochi bado imefungwa, "na nyongeza yangu?"

Kwa hesabu yake, bei ni ya watu wawili, lakini nyongeza ni ya mnunuzi peke yake. Kitunguu kimoja juu ya fungu, kipande cha kitambaa juu ya kanga, sindano juu ya uzi. Mtu aliyerudi nyumbani bila nyongeza, Saada humwona kama aliyelipia chai akaacha maandazi mezani.

Alizaliwa kijijini, upande wa Tunduru, nyumba ya wakulima wa korosho. Kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kubangua. Walikuwa wanachoma korosho juu ya bati lililotobolewa, kisha wanakaa chini na mama yake na kuzipiga kwa jiwe, moja moja, kiini kisivunjike. Mafuta ya ganda la korosho ni makali. Yalimla ncha za vidole mwaka hata mwaka mpaka zikawa laini kama kijiko. Alipokwenda kusajili laini ya simu, muuza laini alimpangusa vidole kwa kanga, akampangusa kwa spiriti, mashine ikakataa katakata kumtambua. "Mama, wewe huna alama," akamwambia. Saada akamjibu kwamba basi na bei ya laini ishuke, maana anauziwa akiwa hayupo.

Kitu kimoja alichokitoa kwenye lile bati, mbali na vidole vile, ni kujua kwamba korosho yenye ganda na korosho iliyobanguliwa ni biashara mbili. Yenye ganda ina wanunuzi wake, magunia yake na mnada wake. Ikishapigwa na kutoa kiini, imekuwa mali nyingine. Hata anayeinunua ni mtu mwingine kabisa. Jambo hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake, na wala hakudhani kwamba siku moja atalihitaji ndani ya ghala la forodha.

Songea alifika akiwa na ndoo ya korosho kichwani, akawa anaziuza stendi. Korosho zile alizifunga kwenye karatasi aliyoizungusha ikawa kama pembe. Karatasi kwake ilikuwa kitu cha kufungia, basi. Alipenda kurasa za madaftari ya shule kuliko magazeti, kwa sababu wino wa gazeti huhamia kwenye korosho, na mteja akiona korosho yenye habari za michezo hairudii tena. Zaidi ya hapo hakuwa na swali kuhusu karatasi.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wauzaji wengi walilalamika. Saada alinunua muhogo, akapika uji mzito wa kugundishia, akakaa uani kwake Mfaranyaki na wanawe kukunja mifuko ya kaki. Ikauzika. Akaajiri. Baadaye akauza sehemu yake ya mikorosho aliyoachiwa na baba yake, akanunua mashine ya mifuko iliyokwisha kutumika kwingine. Kaka zake walimwambia amekwisha kujitoa kwao. Akawajibu kwamba kwao haiwezi kukunja mifuko.

Mashine ile ilikuwa na tabia moja. Ilikula karatasi ya kaki iliyoviringishwa, roli za upana wa sentimita thelathini na nne, haili pana zaidi wala nyembamba zaidi. Ukiilisha vizuri, inatoa mifuko ya unga wa kilo moja kama kuku anayetaga bila kupumzika.

Na mifuko hiyo ilikwisha kupata mwenyewe. Lidwina Komba, mwenye mashine ya kusaga huko Mpitimbi, alikuwa ameanza kufunga unga wa sembe wa kuuza madukani. Alimwambia Saada mbele ya watu: mahindi mapya yakianza kuingia mashineni, nataka mifuko iwepo. Isipokuwepo, wapo watu wa Makambako wamekwisha kunipigia. Lidwina hatishi mtu, anatoa taarifa. Saada alijua vizuri kwamba bila Lidwina ile mashine ni chuma cha kuanikia nguo, na mikorosho imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Karatasi aliitafuta mpaka akaipata Malawi, kwa Swalehe, Myao kama yeye, mwenye ghala na mashine ya kukatia. Walipatana kwa simu, kwa Kiyao, na kwa muda mrefu hivi kwamba Asma, bintiye mkubwa, alimchomekea mama yake chaja huku anaongea. Swalehe naye hakuwa mtu wa kulegea haraka. Alikohoa, akaapa, akasema watoto wake watakula karatasi. Saada akasema wakila kaki watashiba, iko imara. Mwishowe bei ikakaa mahali ambapo kila mmoja aliona ameibiwa kidogo, na hiyo ndiyo bei nzuri.

"Haya, ambusanga," Saada akasema, maana kwao rafiki huitwa hivyo, "na nyongeza yangu?"

"Nyongeza gani juu ya tani za karatasi, dada? Nikutumie kitunguu?"

"Una mashine ya kukatia hapo. Nikatie. Roli zako ni pana kama kitanda. Nikatie kila moja mara tatu, zije na upana wa mashine yangu. Bure."

Swalehe alinung'unika, akakubali. Saada alikata simu akiwa amejaa kifua. Alipata kitu ambacho mwenzake yeyote angekilipia. Usiku ule alimsimulia Asma mara mbili.

Siku ya kupakia Swalehe akapiga na habari mbaya. Umeme ulikatika kazi ikiwa nusu, na meli haisubiri. Nusu ya mzigo umekatwa, nusu umekwenda mpana kama ulivyotoka kiwandani. Saada alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, mengine ya Kiyao kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Mtu akikupa nyongeza nusu, alisema, ni kama amekupa kuku akabaki na miguu.

Mzigo ukavuka ziwa, ukapandishwa kwenye fuso, ukaja mpaka Songea ukiwa umefungwa lakiri, ukashushwa kwenye ghala lililo chini ya ulinzi wa forodha. Nyaraka zilishughulikiwa na Remmy, wakala wa kutoa mizigo, mtu wa tai na simu mbili. Alikuwa amemuuliza Saada kwa simu: "Mama Asma, mzigo ni nini?" Akamjibu: "Karatasi ya kaki." Remmy akaandika karatasi ya kaki kwenye roli, malighafi, kundi linalotozwa ushuru mdogo, akaendelea na maisha. Hakuuliza upana, na Saada hakujua kwamba upana unaulizwa.

Asubuhi ya ukaguzi alikwenda na kanga mpya. Alitegemea kumkuta mwanamume wa makamo mwenye tumbo, mtu wa kupatana naye. Akakuta binti. Emerensiana Gama, mtoto wa Maposeni, ofisa forodha, umri sawa na Asma, sauti ya chini, raba miguuni, na begi dogo begani kama la fundi saa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo kwenu Maposeni? Mahindi vipi mwaka huu?"

"Mahindi yapo, mama. Tufungue mzigo."

Saada aliona kwamba mlango wa mazungumzo umefungwa kwa adabu, akakaa juu ya kichanja cha mbao cha kupangia mizigo kutazama. Alichokitazama ndicho anachokisimulia mpaka leo, na kila akikisimulia hupunguza sauti.

Yule binti alichana kipande cha karatasi kutoka ukingoni mwa roli. Akakichana tena kwa urefu: kikaenda moja kwa moja, kama kitambaa kinachofuata uzi. Akakichana kwa upana: kikaenda kombo, meno meno. Akatazama ile michano miwili kama mtu anayesoma barua fupi. Akadondosha tone la maji juu ya kipande kingine, akasubiri. Tone lilinywewa polepole. Akakwangua kwa ukucha, akainusa. Akachoma kona ndogo kwa kiberiti nje ya mlango, akapuliza, akatazama jivu: jepesi, la kijivu, likapaa.

"Unatafuta nini?" Saada akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Naiuliza ni nani, mama. Ingekuwa imepakwa plastiki, maji yangekataa kuingia. Ingekuwa imepakwa udongo, kama ile ya magazeti yanayong'aa, jivu lingebaki jeupe na zito. Hii haijapakwa kitu. Njoo uone."

Akatoa lenzi ndogo, akaikandamiza juu ya ule mchano, akampisha.

Saada aliinama, jicho moja akafumba. Kwa muda hakuona kitu, ila wekundu wa kahawia. Kisha ikafunguka. Nyuzi. Maelfu ya nyuzi ndefu, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zimelaliana, zimeshikana, hakuna gundi wala mshono. Nyingi zimeelekea upande mmoja kama nyasi baada ya maji kupita. Karatasi aliyoifungia korosho, aliyoikunja uani, aliyoilalia mchana wakati wa joto, ilikuwa na nyuzi hizo ndani yake wakati wote, na hakuna aliyemwambia.

"Ndefu hivyo ni za mti gani?"

"Misindano, mama. Ndiyo hii mipaini unayoiona ukienda Njombe. Miti ya majani mapana nyuzi zake ni fupi. Karatasi ya kuandikia ina nyingi za hizo fupi, ndiyo maana inachanika upesi. Hii ya kaki ni ndefu, ndiyo maana unga haupasui mfuko."

Saada aligusa ile karatasi kwa ncha zake laini za vidole, zisizosikia kitu kidogo, akamwonea wivu binti wa watu kwa vidole vyake.

"Na ukishajua ni nani?"

"Namtafutia mahali pake."

Emerensiana aliweka kitabu kikubwa juu ya meza ya bati. Remmy alikohoa, akasema hicho mama hana haja nacho, ni mambo ya namba. Lakini Saada alikuwa amekwisha kusimama. Akaambiwa kwamba humo kila kitu kinachovuka mpaka wa nchi kina mahali pake, na mahali hapo hapabadiliki ukienda China, ukienda Brazil, ukienda kwa Swalehe.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Saada hakuamini. Mtu wa soko hakubali kitu kwa kuambiwa. "Ng'ombe."

"Sura ya kwanza, wanyama walio hai."

"Korosho."

"Sura ya nane. Na mle ndani zimetengwa: yenye ganda peke yake, iliyobanguliwa peke yake."

Hapo Saada aliketi tena kidogo. Kumbe watu asiowajua, waliokaa nchi asizozijua, walijua jambo alilolijua mama yake.

"Bibi yangu alikuwa anasuka ukili," akasema taratibu. "Mikeka, vikapu. Hilo haliwezi kuwemo."

"Limo. Sura ya arobaini na sita, vitu vya kusuka. Tazama inavyokwenda, mama." Yule binti akaanza kugeuza kurasa kwa kidole kimoja. "Hapa, arobaini na nne, mbao. Hapa mbele kidogo vikapu vya bibi. Hapa rojo, mbao zilizopikwa mpaka zikawa uji. Hapa, arobaini na nane, ndiyo karatasi. Na inayofuata, vitabu vilivyochapwa."

Saada alitazama kidole kikienda. Mti ulikuwa unatembea ndani ya kile kitabu. Uliingia ukiwa gogo, ukapikwa, ukalala ukawa karatasi, ukatoka upande wa pili una maneno. Na pembeni ya njia yake, bibi yake amekaa na ukili. Alihisi kitu ambacho hakukihisi hata siku alipoona ziwa kwa mara ya kwanza, maana ziwa ni la Mungu, huwezi kulishangaa sana. Hiki kilitengenezwa na watu wanaokula ugali au wali au chochote wanachokula, walioketi wakabishana, kama sokoni, mpaka dunia nzima ikapatana. Mapatano makubwa hivyo. Alijaribu kufikiria mezani alikuwepo nani wa kuanza, na nani aliyelegeza.

"Haya," Emerensiana akasema, "tumpeleke mahali pake." Akatoa tepu ya kupimia.

Alipima roli pana kwanza, akaandika. Akaenda upande wa pili, akapima roli iliyokatwa. Akapima ya pili. Akasimama, akageuka kumtazama Remmy, na Remmy akaanza kutazama simu yake moja kisha nyingine.

"Hizi zimekatwa."

"Nilimkatisha mimi," Saada akasema kwa fahari. "Bure."

Yule binti aliikunja tepu yake taratibu, na Saada, aliyeishi kwa kusoma nyuso za watu, akajua kabla hajaambiwa kwamba kuna kitu kimevunjika.

"Mama, karatasi ya kaki iliyo kwenye roli ina mahali pake, kule kwenye malighafi. Lakini lazima roli iwe na upana unaozidi sentimita thelathini na sita. Isipozidi, haihesabiki tena kuwa karatasi ya kwenda kutengenezwa kitu. Inahesabiwa kuwa karatasi iliyokwisha kukatwa kwa kipimo, na hiyo inakaa kundi lingine. Ushuru wake ni wa juu. Wa juu sana."

"Zangu ni thelathini na nne."

"Ndiyo."

Saada alitazama mkono wake. Vidole viwili. Biashara yake, mashine, mikorosho ya baba yake, Lidwina na mahindi yake, vyote vilikuwa vimekaa juu ya upana wa vidole viwili, na vidole hivyo alivitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Kama Swalehe angekuwa mchoyo, yeye angekuwa salama.

Alifanya alichokijua. "Mwanangu, karatasi ni ileile. Umeiangalia na kioo chako, nyuzi ni zilezile. Kisu kimepita tu."

"Ni kweli."

"Basi tuseme zimezidi. Thelathini na sita na thelathini na nne zinaonana hapo. Wewe pandisha kidogo, mimi nashuka kidogo."

"Mama, nani atapandisha? Mimi sikuweka hiyo thelathini na sita. Hata bosi wangu hakuiweka. Hapa hakuna wa kupatana naye."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuonyesha mto na kukuambia ni wenye kina. Saada aliitazama ile tepu. Katika maisha yake yote ya biashara hajawahi kufika kwenye bei isiyo na mwenyewe. Nyuma ya kila bei huwa kuna mtu, na mtu ana njaa, ana haraka, ana mke nyumbani. Nyuma ya hii hakukuwa na mtu. Kulikuwa na dunia nzima, nayo haikuwa na haraka yoyote. Akaona hofu, na juu ya hofu akaona heshima, na hakujua ipi ilitangulia.

Kisha, bila kutaka, akaikumbuka korosho. Jiwe limepita tu. Kiini ni kilekile kilichokuwa ndani ya ganda. Na yeye mwenyewe, mtu akija na korosho zilizobanguliwa akitaka kuziuza kwa bei ya zenye ganda, angemcheka mpaka ashike ukuta.

"Zimebanguliwa," akasema.

Emerensiana alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hivyo hivyo, mama. Zimebanguliwa."

Ofisa alitoka kwenda kupokea simu, na Remmy akasogea haraka, akainama sikioni. "Mama Asma, sikiliza. Zile pana tuziweke mbele, hizi tuzisukume nyuma kule gizani. Nitaongea naye arekodi zile alizopima kwanza."

Saada alimtazama mpaka tai yake ikamkaba. "We Remmy. Yule mtoto amechoma karatasi akaisoma kwenye moshi. Wewe unataka umfichie karatasi gizani?"

"Nasaidia tu, mama."

"Ungenisaidia ungeuliza upana. Kaa hapo."

Mwanamke yule hakukataa kwa utakatifu. Alikataa kwa sababu ameona mizani, na anajua mizani ikiwa sawa hivyo, anayejaribu kuichezea hupoteza na kile alichokuwa nacho. Na hapo, akiwa anahesabu alichokuwa nacho, macho yake yakaenda upande wa pili wa ghala. Roli pana. Nusu ya mzigo, ile nusu aliyomtukania Swalehe kwa lugha mbili. Zimesimama pale hazijaguswa, pana kama kitanda, nyuzi zake hazijapitiwa na kisu.

Emerensiana aliporudi, Saada alikuwa amesimama mbele yake wima.

"Mwanangu. Na zile?"

"Zile ni malighafi. Hazina shida."

"Zinaweza kutoka peke yake? Hizi zikabaki?"

"Wakala wako akirekebisha nyaraka, mzigo ukatenganishwa mara mbili, kila kundi likaandikwa lilivyo, zile zinatoka. Hizi utaamua: ulipe kundi lake, au uzirudishe zilikotoka."

Remmy alirekebisha. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake.

Kwa Swalehe alipiga jioni, amekaa uani. Walisalimiana kwa kirefu, Swalehe akiwa na wasiwasi, maana mara ya mwisho waliachana vibaya.

"Zile ulizonikatia nazirudisha," Saada akasema. "Utazipokea, na mzigo ujao utanipa pana kwa hesabu ileile."

"Dada, nimekukatia kwa mikono yangu mwenyewe."

"Umenikatia vizuri. Una mnunuzi hapo hapo wa karatasi iliyokatwa, usinidanganye, nilimsikia anakuita siku ile."

Swalehe akacheka, akajua amekamatwa. Wakavutana: nauli ya kurudi ni ya nani, ziwa ni la nani, umeme ni wa nani. Nauli wakaigawa. Swalehe akashusha pumzi ya mtu anayejiandaa kwa kipigo.

"Haya, ambusanga. Sema nyongeza yako. Nizifunge nailoni? Nizipige muhuri jina lako?"

Saada alijitazama vidole viwili vya mkono. Alikuwa anaona kile kidole kikitembea juu ya kurasa.

"Usizifanye kitu chochote," akasema. "Zije kama zilivyotoka kiwandani. Usiziguse."

"Unaumwa?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Zilibaki roli pana zenyewe, na mashine ya Saada haili pana. Kesho yake alizipeleka Lizaboni kwa mzee Polikarp, fundi seremala mwenye msumeno wa umeme wa kupasulia magogo. Mzee alizunguka roli moja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Shikamoo mzee. Utaweza?"

"Marahaba. Hili ni gogo, mama. Mimi kazi yangu ni magogo." Akapitisha kiganja juu ya upande wa mwisho wa roli, pale ambapo mizunguko ya karatasi inaonekana mmoja ndani ya mwingine, kutoka katikati mpaka nje. "Hata miaka yake inayo."

Saada aliinama kutazama. Ilikuwa kweli. Mti ulipikwa ukawa uji, ukalazwa, ukakaushwa, ukavuka ziwa, na ulipoviringishwa ukarudia umbo lake la kwanza bila kuagizwa na mtu. Polikarp, ambaye hakujua habari za sura ya arobaini na nne wala arobaini na nane, aliupima kwa fimbo ya kipimo aliyokuja nayo Saada, akawasha msumeno, akaukata mara tatu kama anavyokata mninga. Harufu iliyotoka ilikuwa ya msitu baada ya mvua. Kingo zilitoka na manyoya kidogo, wakayasugua kwa msasa. Mashine ya Mfaranyaki ilikohoa mwanzoni, kisha ikazila.

Mifuko ilikuwa nusu ya ile iliyoagizwa. Lidwina alikuja mwenyewe kuichukua, akatia mkono ndani ya mmoja, akauvuta upande huu na huu ukakataa kuchanika, akasema nusu nyingine atasubiri mzigo ujao, kwa sababu mahindi nayo hayaji siku moja. Akauliza nyongeza. Saada akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akamwongezea mifuko michache mitupu, akamwambia asiikate.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku ile ya Lizaboni, msumeno ulipozimwa, chini yake palibaki lundo la unga wa karatasi, laini, wa kahawia, kama sufi. Polikarp alishika fagio. Saada alichota unga ule, akautia maji ya kunawia mikono, akaufinyanga. Ukalainika, ukashikana, ukawa donge. Akalitazama lile donge kiganjani, juu ya vidole vyake visivyo na alama. Alikuwa ameurudisha mti sura moja nyuma. Rojo. Kwa maji ya kunawia tu, kwenye karakana ya mtu. Angetaka yule mtoto wa Maposeni awepo auone.

"Mama, sogea nifagie," Polikarp akasema.

"Usiumwage," Saada akamwambia, akilikausha lile donge kwa kanga na kulitia kwenye pochi. "Kuna mtu Msamala anatengeneza trei za mayai kwa karatasi zilizolowekwa. Nipe gunia. Gunia moja nitamuuzia."

"Hapa yanajaa mawili."

"La pili nitampa nyongeza," akasema, na akashika fagio mwenyewe.